Mbawa Kwenye Mkono wa Baba

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki na viazi kabla hujalisoma, sikulaumu. Nitakukumbusha kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kukaa sana pale.

Naitwa Glenda Tranter. Nashona beji kwenye makoti ya wanajeshi, katika duka la fundi hapa Aldershot. Shule niliiacha mapema kwa ugonjwa, na mdomo wangu ni mzito mbele za watu. Mchumba wangu, Clem Yaxley, anasoma mita za gesi siku za kazi. Siku zilizobaki anakusanya beji za mbawa, zile wanazopewa askari wa miavuli: mwavuli mweupe katikati na mbawa za buluu mpauko huku na huku.

Baba yangu, Percy Tranter, alikuwa nazo kwenye mkono wa kulia wa koti lake la vita, chini kidogo ya bega. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa, wazee wa klabu yetu ya askari wa miavuli hupita mjini wakiwa wamevaa makoti yao ya zamani. Ambaye koti limegoma kufunga tumboni hulibeba mkononi. Baba lake lilikuwa bado linamkaa.

Wiki jana nilisimulia jinsi Clem alivyowaonyesha wazee taa yake ya zambarau pale klabuni. Ukiimulika beji ya wakati wa vita, uzi wake hukaa kimya. Ukiimulika ya kuigiza, iliyotengenezwa juzi, uzi hung'aa kama meno gizani. Wazee wakafurahi. Wakapeleka mikono yao kwenye taa mmoja mmoja, wakitaniana. Zamu ya Baba ikafika.

Mbawa za Baba ziling'aa.

Hakuna aliyetania tena. Sajenti Buckle, mwenyekiti wa klabu, akamwambia Baba aje Jumamosi na koti lake ajieleze mbele ya wenzake. Hapa kwetu mtu atasamehewa ulevi, atasamehewa hata kukimbia mke. Lakini kuvaa mbawa ambazo hukuruka kuzipata, hilo halina msamaha.

Basi sikiliza yaliyofuata.

Clem alikuja kesho yake asubuhi, Baba akiwa kazini stesheni. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kukata gesi.

"Mama," akasema, "nimekuja kuomba radhi."

"Usiniite mama. Mama yako yuko Farnborough." Mama alikuwa anamenya viazi na hakuinua macho. "Umemuua mume wangu na bado anapumua. Kaa chini, chai inapoa."

Clem akakaa.

"Mimi sikusema ni za bandia. Taa ndiyo iliyosema."

"Taa ina mdomo?"

"Sina maana hiyo, mama. Namaanisha uzi wa pamba wa zamani haung'ai. Nimemulika mbawa nyingi mno. Haung'ai."

"Hata ukifuliwa?"

Clem akaweka kikombe mezani.

"Ukifuliwa na nini?"

"Na sabuni ya unga! Hii hapa, wanayosema kwenye televisheni kwamba shuka zako zitaishinda theluji. Kila Novemba nalifua lile koti. Ulitaka mume wangu apite mbele ya meya ananuka dawa ya nondo?"

Clem alijipiga kofi kwenye paji la uso, kofi la kweli, hadi paka akatoka chini ya meza.

"Mjinga mimi! Sabuni hiyo ndiyo yenye kitu kinachong'aa. Ukiifulia nguo ya babu wa babu yako itawaka vilevile."

"Na hukulijua hilo, mtaalamu?"

"Nalijua. Lakini sisi wakusanyaji hatufui, mama. Hata vumbi lake tunalipenda. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu anaweza kuchukua mbawa za vita akazitia kwenye beseni pamoja na soksi."

Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Nilivua aproni nikatafuta viatu vyangu. Nilitaka kukimbia hadi kwa Sajenti Buckle nikamgongee mlango, mimi ambaye huwa nashindwa hata kumwambia kondakta kwamba nimefika.

"Subiri," Clem akasema. "Buckle hataridhika na sabuni. Atasema namtetea mkwe wangu. Tumwonyeshe nyuma ya beji. Mbele inadanganya, lakini nyuma unaona jinsi uzi ulivyopita na kitambaa kilichowekwa. Glenda atafumua upande mmoja tu, halafu ataurudisha. Ndiyo kazi yake."

"Hapana," Mama akasema.

"Mishono michache tu, ma..."

"Nimesema hapana. Lile koti halifumuliwi."

Alikausha mikono, akabeba kapu la nguo, akatoka uani kuanika. Nilidhani bado ana hasira na Clem. Nilidhani hivyo kwa sababu sikutaka kudhani kitu kingine.

Nilikwenda kulichukua koti kabatini.

Mkasi ulikuwa wangu, msomaji, na mikono ilikuwa yangu. Clem alishika lenzi tu. Usije ukamlaumu yeye.

Mishono ilikuwa ya Mama. Naijua mishono yake kama ninavyoijua sauti yake, midogo na imerudiwa mara mbili, kama ya mtu asiyetaka kitu kitoke kamwe. Nilikata upande wa chini. Mbawa zikalegea, na chini yake hatukuona koti la Baba. Tuliona kitambaa kingine, chembamba na cha kijani zaidi, kimekatwa kikafuata umbo la mbawa.

"Koti la Kanada," Clem akanong'ona. Akaisogeza lenzi karibu. "Askari waliyapenda hayo, yalikuwa laini shingoni. Glenda, hizi zimekatwa kwenye koti la kwanza pamoja na kitambaa chake, ndipo zikashonwa kwenye hili. Ni halisi! Halisi mpaka basi! Baba yako alibadilishiwa koti tu, akazihamisha."

Akanibusu kwenye nywele. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu kwa muda wa kugeuza kipande cha kitambaa.

Nyuma yake, kwa wino ule mweusi wa kuandikia nguo, mtu alikuwa ameandika: R. HEBDEN.

Clem alisoma. Akasoma tena. Furaha ikamtoka usoni, ikamwacha kama chumba kilichohamwa.

Katika mji wetu kuna Hebden mmoja tu. Ni Bi Dora Hebden, anayemimina chai klabuni. Hakuwahi kuolewa. Kaka yake, Ralph, aliruka vitani kule Arnhem na hakurudi, na picha yake imetundikwa ukutani juu ya birika la klabu. Ndiyo maana anakuja kila mkutano. Anamimina chai chini ya kaka yake.

Mlango ukafunguka. Mama aliingia na kapu tupu, vibanio vya nguo viwili bado viko mdomoni. Akaona koti juu ya meza. Akaona mbawa zinaning'inia.

Alitoa kibanio kimoja mdomoni. Akatoa cha pili. Akaviweka mezani kwa utaratibu, kama vya kioo.

"Clem, nenda nyumbani."

"Mama, mimi ndiye..."

"Nenda, baba. Hujakosa kitu. Nenda tu."

Alipoondoka, Mama alikaa kwenye kiti chake akalivuta koti mapajani. Hakulia. Laiti angelia.

"Ralph alikuwa anioe mimi," akasema.

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Walimpa koti jipya kabla hawajaondoka. Akakata mbawa kwenye lile la zamani akaniletea. Nikamwambia, mkuu wako akijua? Akasema, hawezi kunirusha mara mbili. Alipenda utani. Akachukua wino akaandika jina lake kwa nyuma. Akasema, usije ukanisahau ninaitwa nani." Alipitisha kidole juu ya herufi. "Kama vile ningeweza."

"Na Baba?"

"Percy alikuwa rafiki yake. Walijifunza kuruka pamoja kule Ringway. Baba yako aliruka, Glenda, mtu asikwambie hakuruka. Aliruka mara zote walizotakiwa. Ndipo daktari akakuta sikio limeharibika, wakampeleka kwenye ghala la kikosi kingine. Wa namna hiyo hawapewi mbawa. Wanapewa mwavuli peke yake. Wenyewe wanauita balbu, kwa kuwa unafanana na balbu ya taa. Yeye ndiye aliyeniletea habari za Ralph. Alisimama pale pale aliposimama Clem leo."

"Ukaolewa naye."

"Alikuwa mtu mwema. Bado ni mtu mwema." Akasema kama mtu anayesifia meza. "Novemba ya kwanza baada ya harusi nilishindwa kuamka kitandani. Akaniuliza, Nora, nini kinakuuma? Nikamwambia, kila mwanamke leo anatembea na mtu wake. Mimi natembea na nani?"

"Ulimwambia Baba hivyo?"

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Akatoka. Akarudi na koti lake na sindano yangu. Balbu yake alikuwa ameshaibandua mwenyewe. Akasema, shona za Ralph hapa. Shona, halafu unishike mkono huu."

Nikakumbuka. Tangu utoto wangu, tukitoka kwenye mnara wa mashujaa, Mama huzunguka nyuma ya Baba ili awe upande wake wa kulia. Na Baba humpisha. Siku zote nilidhani ni adabu.

"Mama, na Baba? Yeye alishikwa mkono upi?"

Mama alikunja koti vizuri, mbawa kwa juu, akanirudishia.

Baba aliporudi kutoka stesheni alikuta koti bado liko mezani. Alilitazama, akanitazama, akavua kofia.

"Umefumua."

"Nimefumua, Baba."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amelala. Ameniambia yote."

Akanawa mikono kwenye sinki, akachukua muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji. "Basi shona tena. Pita kwenye matundu yake yale yale, asione tofauti."

"Baba, Jumamosi watakuita mwongo!"

"Si nilidanganya?"

"Waambie ukweli! Waambie ni Mama aliyetaka, na wewe ulimfanyia..."

"Ili wamtazame vipi mama yako? Anauzia mji mzima stempu pale posta. Kila atakayelamba stempu atasema, huyu ndiye aliyemvisha mumewe mbawa za maiti. Na Dora? Dora hajamsalimia tangu siku ya harusi yetu. Alisema kaka yake hajapoa hata kaburini." Akaketi. "Wakiniita mwongo mimi, ni mtu mmoja. Nitavumilia. Nimezoea kukaa kimya pale klabuni. Wao hudhani nakaa kimya kwa sababu ya huzuni."

"Na si huzuni?"

Baba akacheka kidogo. "Wewe una maswali mengi kwa mtu asiyezungumza. Niahidi hutasema."

Niliahidi. Nikashona. Tundu kwa tundu.

Jumamosi ukumbi wa klabu ulijaa hadi wengine wakakaa kwenye makasha ya bia. Baba aliketi mbele, koti lake la vita mwilini, viatu vinang'aa. Mimi na Mama tulikuwa safu iliyo nyuma yake. Mama alivaa glavu zake za kanisani na hakuzivua. Bi Dora alikuwa kwenye birika, chini ya picha.

Sajenti Buckle aligonga meza kwa kijiko.

"Sote tunajua kwa nini tuko hapa. Mimi sipendi. Percy ni rafiki yangu. Lakini hizo mbawa si mapambo. Kuna watu wamezifia. Kijana wa taa yuko wapi? Simama, kijana."

Clem alisimama. Alikuwa amevaa suti ya ndugu yake, mikono imemfika kwenye vidole.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nilikosea," akasema. "Koti lile linafuliwa kila mwaka na sabuni ya unga, na sabuni ndiyo iliyong'aa. Nimeziangalia tena kwa mbele na kwa nyuma. Ni mbawa za wakati wa vita. Ni halisi. Kama kuna wa kufukuzwa ukumbini humu, ni mimi."

"Kwa nyuma umeona nini?" mzee mmoja akauliza.

Clem alinitazama. Mtu huyu hawezi kuona beji kwenye basi bila kumweleza jirani ilitengenezwa wapi.

"Nimeona ni halisi," akasema. "Sina zaidi."

Akakaa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Clem ameacha kusema jambo analolijua kuhusu beji, na aliliacha kwa ajili yangu.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Sabuni!" watu wakapiga kelele. "Percy, mkeo amekufua mpaka ukawa taa ya barabarani!" "Mpelekeeni na langu, lina madoa ya mwaka arobaini na tatu!" Mtu akampiga Baba mgongoni. Mwingine akamtikisa mabega. Sajenti Buckle alipangusa macho akajifanya anapenga kamasi.

"Basi, jamani! Basi! Percy, tuwie radhi. Kesho utatembea mstari wa mbele, na mimi kando yako."

Yalikuwa yameisha. Ninakuapia, msomaji, yalikuwa yameisha. Nilishika mkono wa Mama, na chini ya glavu ulikuwa wa baridi.

Ndipo Bi Dora alipokuja na kikombe cha chai. Alikipeleka kwa Baba mwenyewe, kwa mikono miwili, na watu wakampisha.

"Pole sana, Percy," akasema. "Mimi sikuamini hata dakika moja. Ralph alikuwa akisema, Percy Tranter hawezi kudanganya hata kwenye karata. Leo angefurahi sana."

Baba alipokea kikombe. Halafu akakiweka sakafuni, kando ya kiti, bila kunywa.

"Dora," akasema, "hizi ni za Ralph."

"Za Ralph nini?"

"Mbawa hizi. Ni za kaka yako. Mimi sikupewa mbawa. Mimi nilipewa balbu."

Kicheko kilikatika. Waliokuwa nyuma wakauliza wa mbele amesema nini.

"Percy, acha utani," Sajenti Buckle akasema.

"Sitanii. Jina lake liko kwa nyuma. Kijana ameliona, amenihurumia tu."

"Umezipata wapi?" Bi Dora akauliza, sauti yake imeshuka.

Baba alinyoosha mgongo. Mimi nilijua kinachokuja, kwa sababu nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliye mlangoni mwa ndege.

"Nilizichukua kwenye vitu vyake. Alipokufa."

"Uliiba mbawa za marehemu?"

"Ndiyo."

Sijui kama naweza kukuelezea sauti iliyotoka ukumbini. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama watu wote wameinuka kidogo kwenye viti vyao na kukaa tena, mbali naye. Aliyekuwa ameshika bega la Baba aliondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali.

Nilimgeukia Mama. Alikuwa anazitazama glavu zake.

"Mama," nikanong'ona. "Sema."

Alivuta kidole kimoja cha glavu, kikanyooka. Akavuta cha pili.

"Mama, tafadhali. Anafia hapa."

Hakusema.

Nikajikuta nimesimama. Nilihisi macho ya ukumbi mzima shingoni.

"Binti, una neno?" Buckle akauliza.

"Baba hakuiba."

"Nani aliiba?"

Kinywa changu kilikuwa wazi. Neno lilikuwa pale pale.

"Glenda," Baba akasema bila kugeuka. "Uliahidi. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa chini. Mungu anisamehe, nilikaa chini.

Sajenti Buckle alikuwa mweupe kama karatasi. Alipozungumza, hakumwita Baba kwa jina.

"Hutatembea kesho. Wala mwaka ujao, wala mwingine. Na hizo hazitoki ukumbini humu kwenye mkono wako." Akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia. "Wewe ni fundi wa beji. Una mkasi?"

Fundi wa beji hatembei bila mkasi. Buckle alijua.

"Zitoe."

"Siwezi, Sajenti."

"Kama hutaki nitazichana kwa kisu."

Baba aligeuza kiti chake upande, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Fanya wewe," akaniambia polepole. "Wewe hutachana kitambaa."

Nilipiga magoti mbele ya baba yangu nikafumua mishono niliyoishona mwenyewe. Machozi yalinizuia kuona, nikawa nafuata kwa vidole. Yeye hakutikisika. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya mimi peke yangu, "Umeshona vizuri sana, hazitaki kutoka."

Zilipotoka, zikaacha juu ya mkono wake umbo la mbawa, la rangi nzito, pale ambapo jua halikufika kwa miaka yote ile.

Buckle alizichukua akaenda nazo hadi kwenye birika.

"Bi Dora, hizi ni zako."

Bi Dora alifungua kiganja. Buckle akaziweka. Bi Dora akazigeuza, akaona jina kwa mwandiko wa kaka yake, na mwanamke yule ambaye mji mzima humwogopa akaanza kuzibusu.

"Usizichukue!"

Sikuitambua sauti. Nilidhani ni mgeni. Kisha nikaona kiti kilichokuwa kando yangu kiko kitupu.

"Usizichukue, Dora! Ni zangu! Alinipa mimi kwa mkono wake. Percy hakuiba kitu. Ni zangu!"

Mama alikuwa amesimama, amenyoosha mikono yote miwili, glavu zimeanguka chini. Mumewe alipoitwa mwizi alinyamaza. Alipofukuzwa alinyamaza. Niliposema anakufa, alinyamaza. Sasa alikuwa analia mbele ya ukumbi mzima kama mtu aliyefiwa leo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Niliona maana ikipita kutoka uso hadi uso, mpaka ikamfikia Sajenti Buckle, akalishika birika asianguke.

Mimi nilikuwa ninamtazama Baba. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umenyooka vile vile nilivyouacha.

Bi Dora hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliinua mbawa zile juu, watu wote wakaziona.

"Basi njoo uzichukue, Nora," akasema. "Kama ni zako, njoo. Pita hapo mbele ya mumeo, mbele ya watu hawa, uje uzichukue."

Safu zetu zilikuwa zimebanana. Kutoka alipokuwa Mama hadi kwenye birika kulikuwa na njia moja tu, na kiti cha Baba kilikuwa katikati yake.

"Nora," Baba akasema, kwa upole, bila kumtazama. "Fanya unavyotaka."

Mama akaanza kutembea.

Na Baba, baba yangu, akavuta miguu yake chini ya kiti ili Mama apate njia.